Meno ya Kinu cha Kahawa

Kahawa ikiwa chungu twailaumu buni, kumbe kosa li kinuni. Ndani ya kinu mna vipande viwili vya chuma vyenye meno. Meno yakiwa butu hayaikati buni, huiponda tu; hutoka vumbi na chenga pamoja. Vumbi hutia uchungu, na chenga hazikolei. Basi kwanza tuvisugue kwa brashi kavu, maana mafuta ya kahawa hugandamana. Tusivioshe kwa maji, visije vikashika kutu. Hali ikiwa ile ile, na ncha hazina makali, tuvibadili vyote viwili, kwani kipya na kikuukuu havipatani. Tena tuchambue buni kila mara: changarawe moja yatosha kuvunja jino.