Sanje: Maporomoko Yanayosikika Kabla Hayajaonekana

Kwenye basi la Ifakara, kondakta atakuuliza swali moja: unashuka Sanje au Mang'ula? Jibu Mang'ula. Njia ya kupandia maporomoko huanzia kijiji cha Sanje, ni kweli, lakini makao makuu ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa yako Mang'ula, kilomita 60 hivi kutoka Mikumi, na huko ndiko taratibu zinakomalizwa na mwongozaji anakopatikana. Mimi nilishuka Sanje nikidhani nimeokoa muda. Nililipa bodaboda kwenda, nikalipa tena kurudi, jua likiwa tayari limepanda juu ya mashamba ya miwa.

Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1992 na ina ukubwa wa kilomita za mraba 1,990, lakini ndani yake watalii hawazungushwi kwa magari. Ni miguu tu. Asiye na muda huenda maporomoko ya Prince Bernhard, hatua chache kutoka ofisini. Mwenye mapafu na siku tatu hupanda kilele cha Mwanihana, zaidi ya mita 2,000, akilala porini usiku mbili. Sanje iko katikati: saa nne hivi kupanda na kushuka, soksi zikiwa zimefunikia suruali kwa ajili ya siafu.

Dakika ishirini za mwanzo huoni maji wala anga. Ni mizizi, majani makubwa na jasho. Kisha mwongozaji husimama na kusema, "Sikia."

Kwanza ni ngurumo nzito ya chini, kama lori lililosimama mbali huku injini ikiwaka. Ukizunguka bega la mlima inapotea kabisa, hata ukadhani umekosea njia. Ukipanda kidogo inarudi, na safari hii imechanganyika na mchakacho mkali wa juu, kama mafuta ya moto yanapopokea vitunguu. Msitu ndio unaochuja. Majani na hewa humeza sauti nyembamba mapema na kuziachia nzito zisafiri mbali. Kwa hiyo mtu aliyezoea anaweza kukisia umbali uliobaki kwa sikio tu.

Hiyo si sauti ya maji, ingawa hata mimi nilikuwa nikiamini hivyo. Jaribu jikoni. Fungulia bomba kidogo mpaka maji yashuke kama uzi laini usiokatika, kisha inua bakuli lililojaa maji hadi karibu na mdomo wa bomba. Kimya. Sasa lishushe taratibu. Pale uzi unapoanza kukatika na kuingiza hewa ndani ya maji, kelele huanza. Kinacholia ni viputo vya hewa. Kila kiputo kikinaswa hubanwa na kutanuka haraka haraka, mfano wa kengele iliyogongwa. Mwaka 1933 mwanafalaki Mbelgiji Marcel Minnaert alipiga hesabu yake: kiputo chenye upana wa milimita 2 hutetema karibu mara 3,300 kwa sekunde, ambayo ni sauti ya mluzi, na chenye upana wa sentimita 2 hutetema mara 330 hivi. Sanje hutengeneza viputo vya kila kipimo kwa wakati mmoja, bila kupumzika, na mchanganyiko huo ndio ngurumo.

Sikio ndilo lililowafumbua macho hata wanasayansi mahali hapa. Mwaka 1979 watafiti Katherine Homewood na Alan Rodgers walikuwa katika msitu wa Mwanihana, msitu huu huu unaozunguka maporomoko, wakichunguza nyani na kima waliomo. Wakasikia mlio usiotakiwa kuwepo: mwito mmoja mzito, kimya kidogo, kisha mfululizo wa sauti kama ya bata mzinga aliyekasirika. Ulikuwa mlio wa kima aitwaye mangabei, na jamaa wa karibu wa mnyama huyo waliokuwa wakijulikana walikuwa kwenye Mto Tana, Kenya. Mwenyeji aliyewaongoza hakushangaa hata kidogo. Huyo ni ngolaga, akasema. Baadaye walioneshwa mtoto wa ngolaga akifugwa kijijini Sanje, na kutokana na kijiji hicho mnyama akapata jina la kisayansi, Cercocebus sanjei. Hapatikani kokote duniani isipokuwa katika misitu miwili ya Udzungwa.

Vitabu husema mnyama huyo "aligunduliwa" mwaka 1979. Neno hilo hunikaa vibaya kooni, maana jina ngolaga halikuanza mwaka huo. Ndivyo ilivyokuwa tena mwaka 1991, watafiti kutoka Denmark walipokuwa kambini katika milima hii hii. Baada ya mlo waliona ndani ya sufuria miguu ya ndege wasiyemtambua. Alikuwa kwale wa Udzungwa, na hakuwa spishi mpya tu, alihitaji jenasi yake mwenyewe. Wapishi walimjua vizuri, pengine hata kwa muda anaochukua kuiva.

Maporomoko yenyewe yanashuka jumla ya mita 170 kwa ngazi tatu, yakitoka ukingo wa milima unaotazama mashariki, bonde la Kilombero. Ukifika juu, kwenye bwawa la kuogelea, unaiona miwa yote uliyoipita kwa basi ikiwa imepangwa kama mikeka. Maji ni baridi ya kuuma meno. Tulioogelea tulitoka haraka kuliko tulivyoingia.

Hapo swali linakuja lenyewe. Maji yote haya yanaporomoka, na kelele yake ni sehemu ndogo mno ya nguvu hiyo. Nyingine inakwenda wapi? Huwa joto. Mwingereza James Joule aliamini hivyo kiasi kwamba, kwa simulizi ya rafiki yake William Thomson, aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, alikutwa mwaka 1847 katika milima ya Alps, akiwa katika fungate, akitembea na kipimajoto kirefu huku bibi harusi akija nyuma kwa gari la farasi. Alitaka kupima kama maji ya chini ya maporomoko yana joto kuliko ya juu. Kwa mita 170 za Sanje tofauti hiyo ni kama sehemu nne za kumi za nyuzi moja ya Selsiasi, na upepo wa mvuke huila kabla hujaigundua. Joule naye alikwamishwa na manyunyu. Bibi harusi alifikiri nini, Kelvin hakutuambia.

Manyunyu yana faida pia. Ukiwahi asubuhi, jua likiwa mgongoni mwako na uso ukiwa kwenye maporomoko, upinde wa mvua husimama ndani yake. Jua likipanda zaidi ya nyuzi 42 kutoka upeo wa macho, upinde huzama chini. Anayetazama kutoka chini huukosa, lakini aliye juu, akichungulia bondeni, anaweza kuuona ukiwa chini ya miguu yake.

Wapo viumbe ambao manyunyu kwao ndiyo nchi nzima. Kusini zaidi katika milima hii yako maporomoko ya Kihansi. Mwaka 1996 alitambuliwa pale chura wa rangi ya dhahabu, mdogo kiasi cha kukaa juu ya ukucha, asiyetaga mayai bali huzaa watoto waliokwisha kamilika. Makazi yake yalikuwa kipande cha korongo kilicholoweshwa na manyunyu, hekta chache tu. Mwaka 2000 kituo cha umeme cha megawati 180 kilipoanza kazi, sehemu kubwa ya maji ilielekezwa kwenye mitambo na manyunyu yakakauka. Vyura karibu 500 walikuwa wamesafirishwa hadi Marekani kutunzwa katika bustani za wanyama, na mwaka 2009 spishi hiyo ilitangazwa kutoweka porini. Watoto na wajukuu wa wale 500 walianza kurudishwa Kihansi mwaka 2012, wakapokewa na mabomba ya kunyunyizia maji yaliyowekwa maalumu kuiga maporomoko.

Tulianza kushuka saa nane. Nusu ya njia, ngurumo ikiwa imebaki nyuma ya bega la mlima, mwongozaji alinyanyua mkono. Mwito mmoja mzito ulitoka upande wa kushoto. Kimya. Kisha ule mfululizo wa bata mzinga. Tulisubiri karibu nusu saa, bila kukohoa, tukikodolea macho mahali pamoja. Tawi lilitikisika mara mbili. Tulipoingia pale hapakuwa na mnyama, ila maganda ya matunda yaliyotafunwa nusu, bado yana mate.