Uzito wa Kifyatulio cha Bunduki

Uzito wa kifyatulio, ambacho wengi hukiita triga, ni nguvu anayoitumia mpigaji kukivuta kwa kidole mpaka silaha ifyatuke. Hupimwa kwa gramu au kilo. Katika mashindano ya kulenga shabaha, silaha isiyo na risasi hukokiwa na kusimamishwa mtutu ukielekea juu, kisha jiwe la mizani huning'inizwa kwenye kifyatulio. Silaha ikiliinua jiwe hilo bila kufyatuka, imefaulu.

Ndani ya silaha iliyokokiwa, springi huisukuma nyundo au pini ya kufyatulia. Kinachoizuia isiruke ni ukingo mwembamba wa chuma ulionasa kwenye pengo dogo. Kifyatulio kinapovutwa, ukingo huo huteleza na kuchomoka. Uzito basi hutokana na mambo matatu: nguvu ya springi, kina ambacho ukingo umeingia ndani ya pengo, na ulaini wa nyuso zinazosuguana.

Uzito huo hugusa shabaha moja kwa moja. Bastola nyingi za polisi, zikiwa hazina risasi, hazifiki kilo 1, ilhali vifyatulio vyake hudai kilo 2 au zaidi. Kidole hutumia nguvu inayozidi uzito wa silaha yenyewe, na mvuto usionyooka huupeleka mtutu pembeni. Ikiwa vilengeo viwili vya bastola vimeachana kwa sentimita 16, kilengeo cha mbele kikihama milimita 1 tu, risasi hukosea kwa takriban sentimita 16 katika umbali wa mita 25.

Ndiyo maana wanamichezo hupenda kifyatulio chepesi, lakini kanuni huwawekea mpaka. Shirikisho la kimataifa la mchezo wa kulenga shabaha, ISSF, linataka gramu 500 au zaidi kwa bastola ya hewa ya mita 10, na gramu 1,000 kwa bastola ya mita 25. Katika bayathlon, ambamo mshindani hufika kwenye shabaha akihema baada ya kuteleza kwenye theluji, kiwango cha chini ni gramu 500.

Silaha ya ulinzi ina mahitaji mengine, kwa kuwa hushikwa na mkono uliojaa hofu. Polisi wa New York walipoacha bastola za silinda katika miaka ya 1990, bastola zao mpya ziliwekewa vifyatulio vya zaidi ya kilo 5, karibu maradufu ya vile vya kawaida, ili kuzuia risasi za bahati mbaya. Mwaka 2012, karibu na jengo la Empire State, askari wawili walimfyatulia risasi muuaji mwenye silaha, na wapita njia tisa wakajeruhiwa. Baada ya tukio hilo, wakosoaji walitaja uzito wa vifyatulio kuwa miongoni mwa mambo yanayoharibu shabaha. Kifyatulio chepesi mno huweza kufyatuka kabla ya mpigaji kuamua. Kizito mno huweza kuipeleka risasi kwa asiyekusudiwa.

Starehe ya mkono nayo ina uzito wake. Ncha ya kidole inapaswa kukifikia kifyatulio bila mkono kulegeza mshiko. Mara nyingi kubadili kitako au mpini kulingana na kiganja husaidia kuliko kupunguza gramu. Hata kifyatulio kizito kiasi huvutika vizuri kikiwa laini na kikiachia mahali palepale kila mara. Wakati mwingine kinachohitajika ni kusafisha uchafu na mafuta yaliyoganda.

Baadhi ya bunduki za michezo na uwindaji zina skrubu ya kurekebisha uzito ndani ya mipaka ya kiwanda. Zaidi ya hapo, kazi ni ya fundi wa silaha mwenye leseni. Mara nyingi ukingo unaonasa huimarishwa kwenye tabaka la juu tu. Ukipigwa tupa, tabaka hilo huondoka, chuma laini huisha upesi, na siku moja nyundo huchomoka yenyewe.

Baada ya marekebisho, silaha isiyo na risasi hukokiwa na kugongwa kwa nyundo ya mpira kila upande. Kisha komeo la usalama hufungwa, kifyatulio huvutwa na kuachiwa, na komeo hufunguliwa. Silaha ikijifyatua hata mara moja katika majaribio hayo, haipaswi kutiwa risasi mpaka itengenezwe upya.