Nyama choma: Nje makaa, ndani mbichi

MGONJWA aliingia katika chumba changu cha matibabu mjini Kisii Jumatatu moja asubuhi, akafunga mlango, akaujaribu kuona kama umefungika kweli, kisha akatoa kibiriti mfukoni. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kutoka upande wa Nyamira, mtu wa makamo, nadhifu, amevaa tai. Alikiweka kile kibiriti mezani bila kukifungua.

"Daktari, kitu chenyewe kimo humo," alisema. "Mimi siwezi kukitazama tena."

Ndani mlikuwa na kipande cheupe, bapa, chenye ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Kwa miezi minne vipande kama hicho vilikuwa vikimtoka, vingine vikijisogeza vyenyewe katika nguo zake za ndani. Hakuwa amemwambia mtu, hata mkewe. Alikuwa amehamia chumba cha watoto akisingizia kuumwa na mgongo. Moyoni alikuwa amekwisha kuamua kwamba ni saratani ya utumbo.

Haikuwa saratani. Alikuwa na tegu wa ng'ombe, mnyoo mrefu ambao huweza kufikia mita kadhaa ndani ya utumbo wa binadamu. Dawa yake, prazikwanteli, hutolewa kulingana na uzito wa mgonjwa na mara nyingi humezwa mara moja tu. Lakini nilipomweleza kwamba mnyoo huyo huingia mwilini kupitia nyama ya ng'ombe ambayo haikuiva, mwalimu alikataa katakata.

"Daktari, sijawahi kula nyama mbichi maishani mwangu. Mimi hula nyama choma tu, na huagiza ichomwe hadi iwe nyeusi!"

Makala haya ni jibu langu kwa mwalimu huyo, na kwa wengi wetu tunaoamini kwamba nyama iliyoungua ndiyo nyama iliyoiva.

Moto mwingi, muda mfupi

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Keroka, mji ulio mpakani mwa Kisii na Nyamira katika barabara ya kwenda Sotik. Nilikaa karibu na jiko la mchomaji, si kwa ajili ya upelelezi bali kwa sababu mimi pia ni mpenzi wa nyama choma na njaa ilikuwa imenishika.

Wateja watatu waliingia wakiwa na haraka ya kuwahi gari. Walichagua steki nene, kama vidole vitatu, wakamwambia mchomaji, "Weka moto mwingi, tunaenda." Naye akatii. Aliongeza makaa, akapepea, akaitupa nyama juu ya wavu. Mafuta yakaanza kudondoka, ndimi za moto zikaruka na moshi ukaifunika nyama yote. Baada ya dakika kama kumi hivi ilikuwa nyeusi pande zote mbili. Ilipokatwa, katikati ilikuwa nyekundu, laini na baridi kama ilivyotoka buchani. Ilitiwa chumvi, ikaliwa pamoja na ugali na kachumbari.

Wengi wetu hudhani kwamba moto ukizidishwa, joto hupenya haraka ndani ya nyama. Sivyo. Joto la makaa yaliyowaka vyema hufikia mamia ya digrii, lakini nyama ni kama blanketi: hupitisha joto polepole sana. Ngozi ya juu huungua kabla ya katikati kupata hata uvuguvugu. Moto mkali hauivishi nyama nene haraka. Huifanya tu ionekane imeiva haraka.

Msomaji anaweza kuuliza: mbona Wazungu hula steki nyekundu na hawafi? Swali ni zuri. Bakteria wengi waletao maradhi ya tumbo hukaa juu ya nyama, si ndani yake. Kipande kizima kikipigwa moto mkali kila upande, bakteria hao huangamia. Lakini kinga hiyo ina mipaka mitatu.

Kwanza, nyama iliyosagwa, iliyotobolewa au kujazwa ndani ya utumbo kama mutura huwa imechanganya sehemu ya juu na ya ndani, hivyo bakteria hupata njia ya kuingia hadi katikati. Pili, viluwiluwi vya tegu havikai juu. Hulala ndani ya msuli wenyewe. Tatu, ndani ya nyama huweza kuwamo vijidudu vya toksoplazma, ambavyo ni hatari kwa mtoto aliye tumboni na kwa mtu mwenye upungufu wa kinga mwilini. Kwa hiyo mama mjamzito asile kabisa nyama yenye wekundu katikati, hata akiwa na hamu ya namna gani.

Tegu humfikiaje mtu?

Mtu mwenye tegu akijisaidia vichakani, au maji machafu ya choo yakimwagikia malishoni, mayai ya mnyoo huyo hukwama kwenye majani. Ng'ombe akila majani hayo, mayai huanguliwa tumboni mwake, na viluwiluwi husafiri kwa damu hadi kwenye misuli. Huko hujifungia katika vifuko vidogo vya maji na kusubiri. Mtu akiila nyama hiyo bila kuiva, kiluwiluwi hujishikiza kwenye utumbo wake, na baada ya miezi miwili au mitatu huwa mnyoo kamili unaoanza kudondosha vipande.

Nilimweleza mwalimu jambo moja lililomtuliza: tegu wa ng'ombe haambukizwi kwa kulala kitanda kimoja wala kwa kula sahani moja. Ni lazima apitie kwa ng'ombe kwanza. Tegu wa nguruwe ni hatari zaidi, kwa sababu mayai yake mtu akiyameza kupitia uchafu, viluwiluwi huweza kukaa hata kwenye ubongo na kuleta kifafa. Ndiyo maana choo safi na kunawa mikono ni sehemu ya mapishi ya nyama, ingawa havitajwi jikoni.

Ule weusi nao

Basi tuichome hadi iwe makaa matupu? Hapana. Huko nako kuna shimo jingine.

Mnamo 1977 watafiti wa Kijapani wakiongozwa na Takashi Sugimura walionyesha kwamba sehemu zilizoungua za samaki na nyama zina vitu vinavyoweza kubadilisha chembe za urithi. Leo tunafahamu makundi mawili makubwa ya kemikali hizo. La kwanza ni aina fulani za amini, ambazo hutokea nyama inapopata joto kali na kuungua. La pili ni aina fulani za hidrokaboni, ambazo hutokea mafuta yanapodondokea makaa. Hupanda na moshi na kuganda juu ya nyama.

Katika wanyama wa maabara kemikali hizi zimeleta saratani. Kwa binadamu ushahidi bado haujawa wazi kiasi hicho, na singependa kumtisha mtu kupita kiasi. Mnamo Oktoba 2015, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililoko Lyon, Ufaransa, liliiweka nyama nyekundu katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani, hasa ya utumbo mpana. Nyama za viwandani kama soseji ziliwekwa katika kundi la vitu ambavyo ushahidi wake umetosha.

Sisi wa pande hizi tuna sababu ya ziada ya kuwa waangalifu. Saratani ya umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, huonekana sana magharibi mwa Kenya, na Hospitali ya Tenwek kule Bomet, kwa jirani zetu, imewatibu wagonjwa wengi kwa miaka mingi. Sisemi inaletwa na nyama choma. Pombe na tumbaku vinajulikana kuwa miongoni mwa visababishi vyake, na vinywaji vyenye joto la zaidi ya digrii 65 vinashukiwa. Lakini angalia meza yetu ya Jumamosi: nyama iliyoungua, bia kadhaa, sigara, na baadaye chai ya moto wa kubabua. Umio ni huo huo mmoja.

Pole kwanza, kali mwisho

Dawa ya hatari zote mbili, ubichi wa ndani na weusi wa nje, ni moja: kubadilisha mpangilio wa moto. Wengi wetu huanza na moto mkali. Tuanze na mpole.

Nchini Marekani, tangu miaka ya 1980 kuna majiko yanayotumia vipande vidogo vya vumbi la mbao lililoshinikizwa, mfano wa chakula cha sungura kinachouzwa madukani. Mashine hulisha moto yenyewe na kuweka joto katika kiwango unachotaka. Wapenzi wa steki wanaoyatumia wengi huipasha nyama polepole hadi inakaribia kuiva, ndipo wanaipa moto mkali kwa dakika chache ili ipate rangi na harufu. Hatuhitaji mashine hiyo. Jiko letu la makaa linatosha, kwa hatua hizi:

1. Mwambie mwenye bucha akukatie steki isiyozidi unene wa vidole viwili. Ondoa mafuta ya ziada pembeni; hayo ndiyo yanayowasha ndimi za moto.

2. Washa makaa kwa karatasi au vijiti vikavu. Usitumie mifuko ya plastiki, vipande vya tairi wala mbao zilizopakwa rangi. Subiri hadi makaa yapate jivu jeupe.

3. Sukuma makaa yote upande mmoja wa jiko. Weka nyama upande usio na makaa, uifunike kwa sufuria. Iache kwa nusu saa hivi, ukiigeuza mara kwa mara.

4. Mwishoni, isogeze juu ya makaa kwa dakika moja au mbili kila upande. Moto ukiruka, iondoe. Unachotafuta ni rangi ya kahawia, si nyeusi.

5. Iache ipumzike kwa dakika tatu au zaidi kabla ya kuikata. Ikate penye unene zaidi. Ikiwa katikati kungali na wekundu mbichi, irudishe upande wa moto mpole.

Mwenye kipimajoto cha jikoni akichome katikati ya nyama: steki nzima ifike digrii 63 za Selsiasi na kupumzishwa dakika hizo tatu, nyama ya kusaga 71, kuku 74. Kipimajoto ni hakika kuliko macho, maana rangi hudanganya.

Nyama ya mbuzi, ambayo ni ngumu zaidi, yaweza kuchemshwa kwanza, ikaushwe, kisha ipitishwe motoni. Lakini kumbuka kwamba mji wa Kisii uko takriban mita 1,700 juu ya bahari. Hapa maji huchemka kwa digrii 94 hivi, si 100 kama Mombasa. Vijidudu hufa, ila nyama huchelewa kulainika. Ipe muda zaidi. Kuikoleza kwa limau, vitunguu na kitunguu saumu saa chache kabla nako si kwa ladha tu: tafiti zimeonyesha kwamba viungo vya namna hiyo huweza kupunguza zile amini zinazotokana na kuungua.

Mvua ya Kisii ikikukuta ukichoma nje, usilihamishie jiko ndani ya nyumba na kufunga milango. Hewa ya makaa haina rangi wala harufu, na huua.

Kabla ya jiko

Moto hausafishi kila kitu. Nunua nyama yenye muhuri wa mkaguzi. Mkaguzi hukata misuli ya taya, ulimi na moyo wa ng'ombe akitafuta vifuko vya tegu. Hata hivyo, vifuko vikiwa vichache vinaweza kumpita, ndiyo maana kuivisha ni lazima hata nyama ikiwa na muhuri.

Ng'ombe aliyekufa ghafla asichunwe wala asiliwe, hata akiwa ndiye pekee wa boma. Huenda ni kimeta, na mbegu za ugonjwa huo huvumilia joto linaloua vijidudu vingine. Isitoshe, mchunaji huweza kuambukizwa kabla hata jiko halijawashwa. Mwite daktari wa mifugo.

Na mwisho, lile gogo. Nimeona nyama mbichi ikikatwa juu ya gogo, kisha nyama iliyoiva juu ya gogo hilo hilo, kisha nyanya za kachumbari. Kazi yote ya moto huharibiwa hapo. Dai ubao mwingine na kisu kilichooshwa. Si maringo; ni haki yako.

Nyama hii isiwe chakula cha kila siku. Mizani inayopendekezwa na wataalamu ni kutopita nusu kilo ya nyama nyekundu iliyopikwa kwa wiki nzima. Sahani ijazwe chinsaga na managu ambazo mashamba yetu hutoa kwa wingi.

Mwalimu alirudi baada ya miezi mitatu tupime tena. Choo chake kilikuwa safi. Nilimuuliza kama alikwisha kumwambia mkewe. Alicheka, akaangalia chini. Alimwambia usiku ule ule aliomeza dawa. Mama huyo alilia, kisha akacheka, kwa sababu miezi yote minne alikuwa ameamini kwamba mumewe amepata mwanamke mwingine.

"Na nyama choma, Mwalimu?"

"Naila, Daktari. Lakini siku hizi nikifika, huagiza kwanza, halafu naenda sokoni kufanya shughuli zangu. Nikirudi, naikuta imeiva."

Hiyo, mpenzi msomaji, ndiyo dawa nzima. Mpe mchomaji muda. Na ukiona kipande cheupe usichokielewa, usikae nacho miezi minne mfukoni. Tuletee.