Mlango wa Nje wa Plastiki: Utengenezwe au Ubadilishwe?

Mlango wa nje ni ngao ya nyumba. Unapopasuka au kukataa kufungika, mwenye nyumba hulazimika kuamua upesi, na pupa hiyo huwagharimu walaji kwa namna mbili. Wapo wanaonunua mlango mpya pasipo haja, na wapo wanaoziba ufa kwa gundi ilhali mlango wenyewe hauwezi tena kumzuia mwizi. Katika sehemu hii tunaeleza namna ya kupima uharibifu, pamoja na haki alizonazo mnunuzi.

Kuitambua aina ya mlango

Milango ya plastiki huweza kufanana kwa macho huku ikitofautiana kwa nguvu. Upo mlango mwepesi wenye paneli tupu ndani, ambao hufaa bafuni na chooni. Upo pia mlango wa PVC ngumu, ambao fremu yake huimarishwa kwa chuma kilichofichwa ndani. Sumaku yenye nguvu ikisogezwa kwenye fremu na kuvutwa, chuma kimo. Mlango mwepesi uliowekwa nje ya nyumba hautakuwa salama hata ukitengenezwa mara kumi. Fedha za fundi ni heri ziwekwe akiba ya kununulia mlango unaostahili.

Kutafuta chanzo kabla ya dawa

Plastiki hutanuka kwa joto. Mlango wenye urefu wa mita 2 huweza kuongezeka takriban milimita 4 joto lake linapopanda kwa nyuzi 30 za Selsiasi, na wenye rangi nyeusi hupata joto zaidi. Kwa hiyo, mlango unaofunguka vyema asubuhi na kukwama alasiri si lazima uwe umeharibika. Huenda umebanwa na fremu isiyoachiwa nafasi. Ukiwa umeshuka upande wa kitasa na kukwaruza kizingiti, aghalabu bawaba zimelegea. Bawaba nyingi za milango ya PVC ngumu zina skrubu za kurekebishia kimo na mwanya. Tunamtahadharisha mlaji asikubali ukingo wa mlango kurandwa kama wa mbao, kwa kuwa ukuta wa plastiki ni mwembamba na ndani yake mna uwazi.

Yanayotengenezeka

Bawaba, kitasa, komeo na mipira ya kuzuia mvua hubadilishwa bila kuung'oa mlango. Paneli iliyotoboka, ikiwa fremu ni nzima, huweza kutolewa na kuwekwa nyingine. Ufa mwembamba wa juu juu husafishwa kwa maji ya sabuni, hukaushwa, husuguliwa kwa msasa laini, kisha huzibwa kwa gundi ya PVC. Kazi hiyo ifanyike penye hewa na mbali na moto, kwani mvuke wa gundi hushika moto kwa urahisi. Tina isitumike kusafishia. Huharibu uso wa plastiki.

Yanayodai mlango mpya

Tunashauri kubadilisha iwapo kona ya fremu imeachana, chuma cha ndani kimeliwa na kutu, sehemu inayoshika kitasa au bawaba imepasuka, au plastiki imekauka kwa jua hata inameguka ikibonyezwa. Katika hali hizo gundi hurejesha sura tu, nguvu hairudi. Mlango wa zamani usichomwe, kwa maana PVC inapoungua hutoa gesi yenye asidi inayodhuru mapafu.

Kupima na kununua

Upana wa nafasi upimwe juu, katikati na chini, na kimo kipimwe mahali patatu. Kipimo kidogo ndicho kifuatwe. Kona mkabala nazo zipimwe, ili kujua kama nafasi imepinda. Fundi aache mwanya wa milimita chache kuzunguka fremu, aujaze kwa silikoni, na skrubu za bawaba zishike chuma, zisiishie kwenye plastiki.

Nchini Tanzania, Sheria ya Mauzo ya Bidhaa humlinda mnunuzi aliyemweleza muuzaji matumizi anayokusudia na kuutegemea ujuzi wake: bidhaa inapaswa kufaa kwa matumizi hayo. Basi mlaji amwambie muuzaji waziwazi kwamba anataka mlango wa nje, na maneno "mlango wa nje" yaandikwe kwenye risiti. Asipotamka, muuzaji ataweza kudai kwamba aliuza mlango wa bafuni. Vilevile auchunguze mlango kabla ya kuupokea, kwa kuwa kasoro ambayo uchunguzi wake ulipaswa kuibaini ni vigumu kuidai baadaye.

Mapatano na fundi yaandikwe pia: kazi itakayofanywa, vifaa, bei, siku ya kumaliza na muda wa dhamana. Malipo ya mwisho yatolewe baada ya mlango kufunguliwa na kufungwa mara kadhaa, ikiwezekana wakati wa jua kali. Kasoro ikijitokeza, mlaji apige picha, atunze risiti na kumwandikia muuzaji bila kukawia. Wasipoelewana, anaweza kupeleka malalamiko kwa Tume ya Ushindani, iliyoundwa kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Risiti yenye maelezo kamili ndiyo itakayomsemea.