Baiskeli ya bei ya chini: kagua kabla ya kulipa

Msimu wa korosho Tunduru huanza Oktoba, na pesa ikishaingia wengi hununua baiskeli. Ile ya bei ya chini hung'aa dukani sawa na nyingine, lakini ikibebeshwa gunia hadi AMCOS, spoku hukatika na rimu hupinda. Inua gurudumu ulizungushe: likiyumba, iache. Tikisa pedeli, zikichezacheza, gololi zitaisha mapema. Tazama maungio ya fremu, hasa chini ya kiti, na keria iwe ya chuma kinene. Muulize muuzaji kama ana spea zake. Duka la hapa mjini lina faida kubwa: ikisumbua wiki ijayo, unajua pa kuirudisha, mradi umedai risiti. Fundi wa kijijini kwako akikubali mwende pamoja, mnunulie hata soda.