Kugawanya treni mwendoni: wazo la kale larejea

Wasafiri wa Reli ya Kati nchini Tanzania wanaufahamu vyema mji wa Tabora. Kwa miaka mingi treni kutoka Dar es Salaam imekuwa ikigawanywa hapo, baadhi ya mabehewa yakielekea Kigoma na mengine Mwanza. Kazi hiyo hufanyika treni ikiwa imesimama.

Barani Ulaya, wahandisi wamekuwa wakichunguza namna ya kuzitenganisha treni zikiwa mwendoni, ili njia ile ile ipitishe abiria wengi zaidi pasipo kujenga reli mpya.

Behewa lililoachwa njiani

Wazo hilo si geni. Mwaka 1858 treni iliyotoka London kwenda Brighton ilianza kuacha mabehewa katika kituo cha Haywards Heath bila yenyewe kusimama.

Gadi aliyekuwa katika behewa la nyuma alifungua kiungio kabla ya kufika kituoni. Treni iliendelea na safari, na behewa likasonga kwa kasi liliyobaki nayo hadi gadi alipolisimamisha kwa breki.

Faida yake ilikuwa dhahiri. Treni inaposimama hupoteza muda kupunguza mwendo, kushusha abiria na kuondoka upya, na zilizo nyuma yake hulazimika kusubiri.

Hata hivyo, behewa liliweza kuachwa tu, si kuokotwa. Kila moja lilihitaji gadi wake, na hatari haikukosekana: mwezi Desemba 1935, katika kituo cha Woodford and Hinton, behewa liliigonga treni ile ile iliyokuwa imeliacha. Utaratibu huo ulikoma mwaka 1960 mjini Bicester.

Kiungio kisichoonekana

Utafiti wa sasa, ambao Umoja wa Ulaya uliugharimia kupitia mpango wa Shift2Rail, hautegemei chuma. Treni mbili, kila moja ikiwa na mota zake, hufuatana kwa karibu huku kompyuta zao zikiwasiliana kwa redio. Ya mbele ikifunga breki, ya nyuma nayo hufunga mara moja. Zikikaribia njia panda, huachana.

Ugumu uko hapo kwenye njia panda. Baada ya treni ya kwanza kupita, reli zinazoelekeza magurudumu lazima zisogezwe, zifungwe na kuthibitishwa kuwa ziko salama. Zikikwama, treni ya pili lazima iwe na nafasi ya kutosha kusimama. Kwa kuwa gurudumu la chuma huteleza juu ya reli, treni ya mwendo wa kasi huhitaji zaidi ya kilomita moja kusimama.

Kwa sababu hiyo, treni hizo hulazimika kuachiana nafasi kubwa kabla ya kutengana, na sehemu ya faida iliyopatikana njiani hupotea. Kasi ya kusogeza na kufunga reli hizo ndiyo itakayoamua ni treni ngapi zaidi zinaweza kupita.