Chupa ya Chai ya Rwenzori

Msomaji wa Ibanda, wilayani Kasese, Uganda, ana shahada ya pili ya misitu na anauliza wapi asomee uzamivu kuhusu miti na mabadiliko ya tabianchi. Makerere wapo, na Chuo Kikuu cha Mbarara kina taasisi ya misitu ya tropiki kule Ruhija, Bwindi. Chuo kitapatikana. Kazi ni kupata swali, na yeye amezaliwa chini yake, miguuni pa Rwenzori.

Apande kutoka Nyakalengija hadi Bujuku, karibu mita 4,000. Huko kuna senesio jitu (jina baya, lakini bado silioni lililo bora), mti wa ukoo wa alizeti. Majani yake yakifa, mengi hayadondoki. Hung'ang'ania shinani, tabaka juu ya tabaka. Usiku sakitu huanguka. Jua likichomoza tu, majani mabichi yanatoa mvuke ilhali udongo ungali umeganda. Mti unywe nini? Unakunywa akiba iliyo katika kiini laini cha shina, ambayo haikuganda.

Mti huu ni chupa ya chai ile inayojazwa jioni ili wanaodamkia shamba wakute chai moto. Kiini ndicho chai. Majani makavu ndiyo ganda la nje, na kinachozuia baridi hasa ni hewa iliyonaswa katikati yake. Kizibo ni majani machanga ya kileleni, yanayojikunja usiku kukizunguka kichipukizi. Huko Venezuela watafiti waliivua chupa ya namna hii: waliyaondoa majani makavu ya espeletia, mmea wa Andes wenye tabia hiyohiyo, nao ukashindwa kujaza tena akiba yake ya maji.

Sasa tabianchi inabadilika: mwaka 1906, alipofika Duki wa Abruzzi, mpanda milima wa Italia, barafu ya Rwenzori ilikuwa kama kilomita 6.5 za mraba. Mwaka 2003 haikufika 1. Usiku ukipungua baridi, koti hilo la majani makavu lina faida gani? Miti ya erika ya chini, isiyo na koti, itapanda kuja kugombea nafasi? Na mche wa senesio, ambao bado hauna majani makavu, unapitaje usiku wake?

Aanze na miche. Vipimajoto vidogo vinatosha, vingine shinani, vingine udongoni. Ila kibali cha Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia na cha Mamlaka ya Wanyamapori aviombe mapema, kabla ya kutafuta wapagazi.